Sofa inayofunguka kwa spana: shajara ya mradi, Nkuhungu, Dodoma

Mwishoni mwa Mei: mchoro

Kitanda kinafunguka, sofa haifunguki. Kitanda ukitaka kukihamisha unalegeza boliti, unatoa mbao za ubavuni, unakusanya chaga, na muda si mrefu kila kitu kiko juu ya Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Sofa iliyopigiwa misumari na gundi inabaki lilelile dude moja, iwe mlango unatosha au hautoshi. Mlango wa sebule yetu una upana wa sm 80, na ukishaingia, korido inakata kona. Nimeshaona mtaani kwetu watu waking'oa dirisha pamoja na nondo zake ili sofa ipite, halafu mwenye nyumba akadai alipwe dirisha.

Wapangaji wa Dodoma tunahama sana. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kishindo mwaka 2016, na mji ukapandishwa kuwa jiji mwaka 2018, kodi zimepanda na watu wanasogezwa pembeni kidogo kidogo, leo Area C, kesho Nkuhungu, keshokutwa Nala. Kwa hiyo lengo la mradi huu ni moja: sofa ya watu watatu, ya mbao, inayounganishwa kwa boliti za kitanda, itakayofunguliwa kwa spana moja na kupita mlango wowote.

Vipimo nilivyochora kwenye daftari la hisabati (ndilo somo ninalofundisha, mtanivumilia): upana wa ndani sm 175, ili kila anayekaa apate sm 58 zake bila kusukumana. Kina cha kiti sm 56. Chaga za mbele zitakuwa sm 31 kutoka sakafuni, za nyuma sm 26, na juu yake sponji ya inchi 5. Hiyo tofauti ya sm 5 kati ya mbele na nyuma inakipa kiti mlalo wa nyuzi 5 hivi, mtu asiteleze kuja mbele. Egemeo linalala nyuma nyuzi 15, maana yake kila linapopanda sm 45 linarudi nyuma sm 12. Kati ya kiti na egemeo zinapatikana nyuzi 100. Nimekaa kwenye sofa nyingi za kulipia fedha nzuri zenye egemeo lililosimama wima kama benchi la zahanati, na hilo sitaki lijirudie kwangu.

Mbao ya mbele itakuwa 2x6 iliyosimamishwa. Uimara wa mbao dhidi ya kupinda unakwenda kwa kipeo cha tatu cha kimo chake. Mbao ya 2x4 ikisimama wima ni ngumu kupinda mara 4 kuliko ileile ikilazwa, na ukitoka kwenye kimo cha inchi 4 kwenda inchi 6 unaongeza ugumu zaidi ya mara 3. Watu wazima watatu kwenye urefu wa sm 175 ni mzigo wa kilo mia mbili na ushee. Sitaweka mguu wa katikati. Mguu wa katikati kwenye sakafu za nyumba zetu, ambazo hazijanyooka, ama unaning'inia ama unabeba kila kitu peke yake.

Juni, mwanzoni: mbao

Nimegawa kazi kati ya miti miwili. Kinachoonekana na kinachoshika boliti ni mninga: nguzo, mikono, na mbao ya mbele. Kilichofichika ni paina: mbao ya nyuma, fremu ya egemeo na chaga. Mninga wote ungependeza, ila mfuko haukubali.

Mninga hutoka kwenye misitu ya miombo, kwa Tabora, Katavi na Ruvuma. Ni mti unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa, na sifa yake kubwa kwa seremala ni kwamba ukishakauka hautembei. Hautanuki sana wala hausinyai sana. Kiini chake mchwa hawakipendi. Kile cheupe cha nje, karibu na gamba, mchwa wanakila vizuri tu, kwa hiyo wakati wa kuchagua nilizigeuza mbao zote na kuacha zile zenye ukanda mweupe mpana. Wauzaji wengine wanaupaka mafuta machafu ili usionekane, basi kwaruza kwa kisu. Dai pia risiti, na uliza kama mzigo ulikuja na hati ya kusafirishia ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Mninga wa bei ya kutupa una historia yake.

Paina yetu nyingi inashuka kutoka Mufindi. Ni nyepesi, inakubali skrubu, ina mafundo. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni kavu kabisa, "imekaa jua la Dodoma, mama, itakosaje kukauka?"

Mbao zote nimezipeleka kwa mzee mmoja seremala wa Chang'ombe ambaye ana mashine ya kuranda na kuchana, na ambaye amekubali nitumie meza yake siku ambazo hana kazi kubwa. Nilimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akacheka matamshi yangu, kisha akaangalia mchoro kwa muda mrefu.

"Mwalimu, sofa ya boliti itapiga kelele."

"Kitanda chako hakipigi, mzee?"

"Kinapiga. Nikikaza kinanyamaza."

"Basi na hii tutaikaza."

Hakubisha zaidi, ila alisema kwamba yeye gundi yake haijawahi kumdai spana.

Juni, wiki hiyohiyo: kupima maji ndani ya mbao

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu samani nyingi za Dodoma zinaharibikia hapa.

Jiji liko juu kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua yake ya mwaka haizidi sana mm 600, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hewa inakuwa kavu mpaka midomo inapasuka. Mbao iliyokaa Dar es Salaam, au iliyotoka Mufindi kwenye ukungu, ikifika hapa inaanza kutoa maji iliyobaki nayo, na inapotoa maji inasinyaa. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Upana na unene ndio unaopungua, na kwa kufuata duara za mti unapungua takribani mara mbili ya kuelekea kwenye kiini. Ndiyo maana mbao inajikunja na kuwa na tumbo, na ndiyo maana ulimi, ile ncha ya mbao inayochongwa iingie kwenye tundu la mbao nyingine, uliokuwa umebana mwezi wa tatu unacheza mwezi wa tisa.

Mafundi wetu hupima ukavu kwa kugonga na kusikiliza, au kwa kuweka mbao shavuni. Mzee anaweza. Mimi siwezi, nina mizani ya jikoni. Njia ni hii: kata vipande viwili vidogo vilivyofuatana, si mwishoni mwa mbao bali ndani kidogo, kwa kuwa ncha hukauka kabla ya sehemu nyingine. Pima vyote. Kimoja kiweke kwenye oveni nyuzi joto 100 na kidogo, mpaka uzito wake uache kushuka kabisa. Uzito uliopotea, gawanya kwa uzito mkavu.

Oveni ni ya jirani anayeoka keki za oda. Nilimnunulia umeme wa LUKU, akaniruhusu usiku ambao hana keki, kwa masharti kwamba nyumba isinuke.

Mninga: gramu 388 ukashuka hadi 349. Zimepotea 39, ambayo ni asilimia 11. Safi. Paina: gramu 412 ikashuka hadi 346. Zimepotea 66, yaani asilimia 19. Hiyo ndiyo "kavu kabisa" ya muuzaji.

Kwa nyumba ya Dodoma nataka paina ifike asilimia 10 au chini ya hapo. Kipande cha pili, ndugu yake yule wa oveni, kilikuwa gramu 430. Nikigawa kwa 1.19 nikazidisha kwa 1.10, napata 397. Kwa hiyo kipande hicho kinalala juu ya rundo la paina, na siku kikisoma gramu 397 ndipo mbao hizo zitaguswa. Zimepangwa kivulini chini ya banda, kila safu imetenganishwa na vijiti ili upepo upite, na juu nimeweka matofali zisijikunje.

Mzee alipoona karatasi yangu ya uzito aliniuliza kama nitaweka na baking'i pauda.

Juni, likizo ya shule: fremu mbili za pembeni

Hizi hazitafunguliwa kamwe, kwa hiyo ni gundi na ulimi na tundu. Kila fremu ina nguzo mbili, mkono juu, na kiungo kimoja chini. Mninga wa inchi 2 ukisharandwa unabaki sm 4.5, na unene wa ulimi ni theluthi ya hapo, sm 1.5. Ukiuzidisha, kuta za tundu zinakuwa nyembamba na kupasuka. Tundu nilianza kwa keekee, nikamalizia kwa patasi. Mninga unachongeka vizuri, hauna ubishi kama mkongo.

Vumbi lake ndilo baya. Linawasha pua na kukereketa kifua, na kuna watu linawatoa vipele. Nilivaa barakoa na kujifunga kanga kichwani. Mzee ameranda miaka yote bila barakoa, na kikohozi chake kila mtu Chang'ombe anakijua.

Vibano vya chuma vilikuwa kwenye kazi nyingine, hivyo tulibana kwa mipira ya tyubu ya baiskeli iliyochanwa vipande virefu, ikavutwa na kuzungushwa fremu nzima. Inabana vizuri ajabu, na haiachi alama. Kabla gundi haijashika, pima kona kwa kona pande zote mbili. Fremu yangu ni sm 70 kwa 62, kwa hiyo kona kwa kona inatakiwa sm 93.5. Moja ilisoma 93.8 na 93.2, tukaisukuma kwa goti.

Mwishoni mwa Julai: boliti

Paina imefika gramu 397. Mbao ya nyuma, ambayo niliipima upana siku ya kuinunua, imepungua karibu mm 3. Kama ningekuwa nimeichonga ikiwa mbichi vile, hizo mm 3 zingetokea ndani ya sofa.

Kiungo chenyewe ni kile cha kitanda. Boliti ya mm 10, urefu sm 15, inapita kwenye nguzo na kuingia kwenye ncha ya mbao ya mbele. Upande wa ndani wa mbao hiyo, sm 8 kutoka kwenye ncha, kuna tundu la mraba la kuchonga kwa patasi, na humo nati inakaa na washa yake. Unapokaza, nguzo na mbao vinavutana. Nati ya boliti ya mm 10 inachukua spana 17, ambayo kila fundi bodaboda anayo, na hilo nililifikiria kwa makusudi.

Boliti peke yake inaruhusu mbao izunguke, kwa hiyo mbao ya mbele, kwa kuwa ni pana, ina boliti mbili kila upande, moja juu moja chini. Ya nyuma ina boliti moja na pini mbili za mbao zisizotiwa gundi. Egemeo ni fremu ya peke yake inayoketi kwenye ubao mdogo nyuma ya kiti, halafu kila upande boliti fupi kidogo inalifunga kwenye nguzo ya nyuma. Jumla boliti 8.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwenye paina weka washa pana, kubwa kuliko ya kawaida, la sivyo nati itajichimbia kwenye mbao laini kila unapokaza. Na tundu la boliti lipite mm 1 zaidi ya unene wake, kwa sababu mbao itasogea na chuma hakisogei.

Na hii ndiyo hoja niliyokuwa namjengea mzee tangu mwanzo. Gundi ikishaachia kwa ukavu, huna la kufanya ila kubomoa. Boliti ikilegea kwa ukavu unaikaza. Kwa hali ya hewa ya hapa, kiungo kinachokubali kurekebishwa kina maana kuliko kiungo kilichobana sana siku ya kwanza. Alinisikiliza, akatikisa fremu iliyofungwa majaribio, akatikisa tena kwa nguvu zaidi. "Haichezi," akasema, na akaniomba kile kipimo cha tundu la nati akiandike ukutani kwa chaki.

Agosti: chaga

Kazi ndogo. Chaga 14 za paina, upana sm 7, nafasi ya sm 5 kati ya moja na nyingine, na sm 6 zinabaki kila mwisho. Hazipigiliwi. Zimeshonewa mkanda wa turubai kwa pini za stepla chini, mistari miwili, zinakunjika zote pamoja. Zinakaa sm 2 chini ya ukingo wa mbao ya mbele, mto usitoroke.

Agosti: msasa na vanishi, au vita na upepo

Msasa namba 80, kisha 120, 180, na 240 kwenye mikono tu, kule ambako watu watashika. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 80 ambayo haikuondolewa na 120 huonekana vanishi ikishapakwa, na hapo hakuna dawa.

Agosti Dodoma ni mwezi wa upepo, na upepo unakuja na vumbi jekundu lisilo na adabu. Ukipaka vanishi saa sita mchana uwanjani, jioni una sofa yenye msasa juu yake. Usiku kwa upande mwingine ni baridi, vanishi inachelewa kukauka na kubaki inanata. Ratiba iliyofanya kazi: vipande vinaingizwa chumbani tangu jana yake, sakafu inamwagiwa maji kidogo alfajiri ili vumbi litulie, kupaka kunaanza saa mbili asubuhi na kuisha kabla ya saa nne, wakati upepo haujaamka. Dirisha la upande usiokabili barabara liwe wazi, kwa sababu ya harufu ya thina. Kwanza sila ya kuziba vitundu vya mbao, msasa mwepesi, halafu vanishi mkono wa kwanza iliyolainishwa kwa thina, kisha mikono miwili ya kawaida. Faida ya sofa ya vipande: kila kipande kinalazwa, na vanishi haichuruziki.

Paka na ndani ya matundu ya nati. Pale nyuzi za mbao zimekatwa, na ndipo unyevu unapoingilia masika.

Mwishoni mwa Agosti: sponji

Hapa ndipo fedha ilipokwenda. Sponji na kitambaa vimenigharimu kuliko mbao zote, na anayepanga bajeti ya mbao peke yake ajue hilo.

Sponji inauzwa kwa maneno: nzito, nzito sana, haibonyei. Nilikwenda na mizani. Sponji ya kukalia inatakiwa kuwa na kilo 30 na zaidi kwa mita ya ujazo. Pande langu ni sm 58 kwa 56, unene sm 12.7. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.041, hivyo pande moja halipaswi kupungua kilo 1.2. Lile la kwanza nililoonyeshwa kama "nzito sana" lilisoma gramu 830. Hiyo ni kilo 20 kwa mita ya ujazo, inafaa egemeo, na ndivyo nilivyoitumia. Ya kukalia nilipata duka lingine. Muuzaji alikasirika mwanzoni, kisha akaanza kuuliza hesabu inafanywaje.

Vitambaa vimeshonwa na fundi cherehani wa soko la Majengo, kila mto na zipu yake, vifuliwe. Rangi tumechagua ile ya udongo wenyewe. Baba watoto alitaka krimu. Nilimwonyesha soksi zake.

Septemba: kufunga

Vipande vitano vikubwa, chaga, na mfuko wa boliti. Kipana kuliko vyote kimepita mlangoni kikiwa kimesimama, bila kugusa kizingiti. Unafunga boliti zote kwa mkono kwanza, unasukuma sofa ikae sawa sakafuni, ndipo unakaza kwa spana kwa zamu, kushoto na kulia. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili unakataa kuingia.

Tumekaa watu wazima watatu na watoto wawili juu yetu. Mbao ya mbele nimeivutia uzi kutoka ncha hadi ncha: imeshuka mm 2, na tulipoinuka ikarudi. Chini kuna sm 19 za wazi, fagio linapita. Egemeo liko vizuri kwa watu wazima, ila mama mkwe, ambaye ni mfupi, anahitaji mto mdogo mgongoni.

Novemba, kabla ya mvua

Imeanza kulia kidogo upande wa dirisha, ule unaopigwa na jua la jioni. Boliti za mninga zilikubali robo ya mzunguko, ya nyuma kwenye paina ikakubali karibu nusu. Imenyamaza. Sikuzikaza mpaka spana igome, kwa sababu kuanzia Desemba mbao itavimba tena na lazima ipate pa kwenda. Nitazijaribu Aprili na Oktoba, na spana 17 sasa inakaa kwenye droo ya televisheni.

Mzee ameshatengeneza moja ya watu wawili kwa mteja wa Ipagala anayehamahama kikazi. Boliti zake amezizamisha na kuzifunika kwa vizibo vya mninga, kazi nzuri kuliko yangu, na nimemwomba anifundishe. Paina iliyobaki inatosha stuli mbili. Nitaikata mitihani ikiisha.